Barabara ya mchepuo: mji unaihitaji lini?

Barabara ya mchepuo hupita kando ya mji, ili gari lisilo na shughuli mjini lisilazimike kuingia humo. Kenya wengi huiita baipasi. Ikiuzunguka mji wote, ni barabara ya mzunguko.

Foleni peke yake si sababu ya kuijenga. Kwanza ijulikane foleni hiyo ni ya nani. Karani wa utafiti husimama kwenye lango la mji pamoja na askari wa usalama barabarani, semitrela ikisimamishwa anamuuliza dereva: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini? Akijibu, "Natoka Dar, naelekea Kigali, ngano," huyo mchepuo utamfaa. Mwenye pikapu ya nyanya anayewahi soko la Majengo ataingia mjini tu, hata umtandikie lami nzuri kiasi gani huko pembeni.

Tuseme katika magari 100 yanayoingia, wapitaji ni 15. Waondoe wote, bado 85 wamebanana palepale, na mji wa namna hiyo unahitaji zaidi mabasi na makutano yaliyopangwa vizuri. Ila idadi isihesabiwe bila uzito. Malori 15 yenye shehena huichakaza lami kuliko mamia ya magari madogo, na breki zikigoma mteremkoni katikati ya watu, hasara yake ni maisha.

Dodoma ni mfano ulio wazi. Njia za Dar es Salaam, Singida, Arusha na Iringa zinakutana hapo, na tangu Serikali ihamie, magari ya mji wenyewe nayo yameongezeka. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, iliwekewa jiwe la msingi Februari 2022. Naunga mkono uamuzi ule, maana kusubiri mji ujae kwanza kungefanya fidia iwe mzigo mkubwa zaidi.

Kujenga ni nusu ya kazi. Baipasi ya Mashariki ya Nairobi ilizungukwa na maduka na mitaa ya makazi, na baadaye ikabidi ipanuliwe. Kila geti linalofunguliwa barabarani huleta gari linalopunguza mwendo ili likate kona, na mchepuo unageuka barabara ya mtaa.

Kisha kuna mama lishe, wenye gesti na mafundi wa matairi wanaoishi kwa madereva wa njia ya zamani. Fomu ya karani huuliza magari tu. Mimi ningeongeza ukurasa wao, wahesabiwe kabla ramani haijachorwa.