Si konokono, si matumbawe: jiwe la mistari mnaloniletea

Wiki haipiti hapa Kigoma bila mtu kufungua kitambaa na kunionyesha jiwe la chokaa lenye mistari iliyopinda. "Mtaalamu, huyu ni konokono, amegeuka jiwe." Mwingine hushikilia kuwa ni matumbawe. Nimelijibu hili mara nyingi mno, sasa naliandika.

Hiyo ni stromatolaiti, na haikuwa mnyama hata siku moja. Ni kazi ya utando wa vijidudu, hasa sianobakteria, uliotanda juu ya tope kwenye maji yanayofikiwa na jua. Utando unanata, hivyo chembe za chokaa zikipita zinanaswa. Vijidudu navyo, vikitumia mwanga, huondoa kaboni dayoksaidi majini, na chokaa ikaganda. Tabaka likifunikwa, vijidudu hupanda kufuata mwanga na kuanza jingine. Shark Bay, Australia, ambako stromatolaiti zingali zinakua, ongezeko halifiki nusu milimita kwa mwaka. Kimo cha mita moja ni zaidi ya miaka 2,000.

Nadhani lugha nayo inatuponza. Tukisema mwamba, mtu wa pwani anawaza matumbawe na samaki wa Mafia. Lakini mwamba wa Campbellrand, Afrika Kusini, ulijengwa na vijidudu hivi hivi miaka bilioni 2.5 hivi iliyopita, chokaa na jiwe la jamii yake, dolomiti, kwa unene unaozidi kilomita moja. Wakati huo hakukuwa na konokono, samaki wala jani la mti. Wanyama wenye magamba walianza kuenea karibu miaka milioni 540 iliyopita, Prikambria, yaani enzi ndefu ya mwanzo wa dunia, ilipokuwa inakwisha. Kumtafuta konokono ndani ya mwamba wa Campbellrand ni kumtafuta mjukuu kabla babu hajazaliwa.

Wapo wanaosema mawe hayo yanaonyesha kuwa ziwa letu liliwahi kufika milimani. Ziwa Tanganyika lina umri wa miaka milioni kumi hivi. Stromatolaiti za Prikambria zimelitangulia kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Ziwa lina zake, changa, za miaka elfu chache tu, zimegandia kwenye mawe chini ya maji karibu na ufuko. Kwa hiyo wanaodai stromatolaiti zimekwisha duniani nao wamekosea.

Mistari hiyo si dalili ya dhahabu. Asikuuzie mtu kiwanja kwa sababu hiyo.

Na ninyi wachoma chokaa, dolomiti si chokaa ile ile, ina magnesiamu. Tone la asidi hafifu hutoa povu papo hapo kwenye jiwe la chokaa. Kwenye dolomiti povu halionekani vizuri mpaka uisage unga. Jaribuni kabla ya kujaza tanuri, kuni ni ghali.

Ukiliona jiwe lenye mistari, limwagie maji kwanza, kisha tazama upande uliokatika wima. Konokono ana mzingo unaoanzia kitovuni na ukuta wa gamba. Matumbawe yana vijumba vingi vinavyofanana. Stromatolaiti ina tabaka nyembamba zilizopandana kama mabakuli yaliyofunikizwa, migongo juu. Tafadhali, weka nyundo chini na upige picha pale pale mwambani. Jiwe likishang'olewa na kuletwa mezani kwangu, nashindwa kujua upande upi ulikuwa juu, na hilo ndilo ninalolihitaji kuliko yote.