Kwa nini mabonde ya Kabale huamka na ukungu

Shuleni tulifundishwa kwamba kadiri unavyopanda mlima, baridi huzidi: wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita. Lakini muulize mkazi wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, anayeshuka bondeni saa kumi na mbili asubuhi. Koti analihitaji zaidi chini kuliko kilimani.

Usiku mbingu ikitakata na upepo ukitulia, ardhi hupoteza joto haraka, maana hakuna wingu la kuifunika. Hewa inayoigusa hupoa, na hewa baridi ni nzito. Kwenye vilima vya Kigezi, eneo ilipo Kabale, haikai: huteleza kufuata mteremko kama maji, ikajaa bondeni. Hewa yenye joto kidogo hubaki juu yake mithili ya mfuniko wa sufuria. Hali hiyo tunaiita mgeuko wa halijoto.

Unyevu nao haukosekani, kwani chini kuna vijito na vinamasi vya mafunjo, ingawa vingi vimeshalimwa. Hewa ikipoa sana hushindwa kubeba mvuke wote. Unaozidi hugeuka vitone vidogo vinavyoelea. Mfuniko huvizuia kupanda, ndiyo maana ukitazama kutoka juu, ukungu umelala sawasawa kama maziwa bakulini. Uangalie pia moshi wa majiko ya asubuhi: hupanda kidogo, hugoma, kisha hutandaa.

Tumezoea kusema jua huukausha ukungu. Kwa kweli kazi kubwa hufanyika chini: mwanga hupenya, ardhi hupata joto, hewa huanza kupanda na kuchanganyika, mfuniko unavunjika. Kingoni, ulipo mwembamba, ukungu hutoweka kwanza.

Usiuchanganye na ule wa Limuru nchini Kenya au Mufindi nchini Tanzania, ambao mara nyingi ni wingu lililosukumwa na upepo kupanda mlima. Huo huzidi unapopanda, na upepo ndio unaouleta. Huu wa bondeni, upepo ukivuma vizuri, haupo.

Kwa kipimo cha wataalamu wa hali ya hewa, ukungu ni pale macho yanapoona chini ya mita 1,000. Madereva wengi hukimbilia kuwasha taa kali, na hapo ndipo wanapojipofusha, kwa sababu vitone huurudisha mwanga machoni. Tumia taa za chini, na upunguze mwendo ukiwa bado kilimani kweupe, kabla barabara haijazama ndani ya ukungu.