Mifupa Kupungua Uimara: Maswali na Majibu

Mama yangu ana umri wa miaka 66. Aliteleza uani, hapa Usa River, akavunjika kifundo cha mkono. Je, si uzee tu?

Si uzee tu; huenda ni ugonjwa wa mifupa kupungua uimara (osteoporosis). Mfupa wenye afya kwa kawaida huhimili anguko la mtu aliyekuwa amesimama, hivyo unapovunjika kwa sababu ndogo namna hiyo ni lazima mgonjwa achunguzwe. Mwili hubomoa mfupa na kuujenga upya maisha yote. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua na ubomoaji huushinda ujenzi, tena bila maumivu yoyote. Kupungua kimo na kuinama mgongo huweza kuwa dalili ya pingili zilizokwisha kupondeka.

Ugonjwa huu hutambuliwaje?

Kwa eksirei maalumu inayopima wingi wa madini kwenye nyonga na uti wa mgongo, ambapo alama (T-score, yaani ulinganisho na mifupa ya kijana mwenye afya) ya −2.5 au chini yake huthibitisha ugonjwa. Picha ya kawaida huchelewa kuonyesha upungufu.

Maji ya kisima chetu yana floraidi nyingi. Hayaimarishi mifupa?

Dhana hii imezoeleka, nayo ni ya hatari. Floraidi ikizidi, mfupa huonekana mzito kwenye kipimo ilhali ubora wake umeharibika, na viungo huweza kukakamaa. Kwa hiyo mgonjwa aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, hasa mwenye meno ya kahawia yatokanayo na floraidi, amweleze daktari chanzo cha maji yake kabla majibu hayajatafsiriwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na madini hubaki. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floraidi, jambo ambalo wapishi wengi hawalifikirii. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huchuja madini hayo.

Ale nini, na dawa zipo?

Maziwa mgando na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao humpa kalisiamu nyingi kuliko mchicha, ambao oksaleti zake (kemikali za asili za mmea) huzuia sehemu kubwa ya kalisiamu isifyonzwe. Atembee kila siku, apate jua. Daktari akimwandikia alendronati, dawa ya kupunguza ubomoaji wa mfupa, ya miligramu 70, atameza kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima bila kula wala kulala kwa dakika 30, la sivyo kidonge huweza kuunguza umio. Figo zake zipimwe kwanza.