Ngitili: Funga malisho kwanza, miti itafuata

Wafugaji wengi wanaonipigia simu huanza na swali moja: nipande mti gani kwenye malisho yangu? Nami huwauliza: unayafunga mwezi gani, yaani lini mifugo haiingii? Kwenye nchi kavu mche uliopandwa mahali ambapo mbuzi hupita kila siku hauna maisha. Eneo likipumzishwa, mara nyingi miti huja yenyewe, maana mizizi yake bado iko hai ardhini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Shinyanga, kwa Wasukuma, ambako mvua ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Ngitili ni eneo la malisho, la kaya au la kijiji, ambalo mifugo haiingii tangu mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mpaka kiangazi kinapokaza, Julai au Agosti. Nyasi huota, huangusha mbegu, kisha hukauka zikiwa zimesimama palepale. Kwa kawaida hakuna uzio. Mpaka unajulikana, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wanaulinda, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hukutana na dagashida, baraza la kimila, na faini zake.

Utaratibu huu uliwahi karibu kupotea. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini waliziacha ngitili zao. Mwalimu Nyerere alifikia kuuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu za ngitili zilizorekodiwa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Kwa maoni yangu, mradi ulifanikiwa kwa sababu ulikubali kujenga juu ya kile ambacho wazee walikuwa wanakijua tayari.

Sasa, kwa nini miti ndani ya malisho? Nyasi za Septemba ni nyingi lakini hazina protini. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, bakteria wanaosaga chakula kwenye tumbo kubwa la ng'ombe wanakosa cha kuwakuza. Usagaji unazorota, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe anakonda huku tumbo limejaa. Majani na maganda ya miti yana protini mara mbili ya nyasi hizo, au zaidi. Akipata kidogo tu, bakteria wanafufuka, naye anaweza kula na kusaga nyasi kavu nyingi zaidi. Ndiyo maana nasema nyasi peke yake haimvushi ng'ombe kiangazi, na miti peke yake haimshibishi.

Nenda kwenye mgunga (Acacia tortilis) wakati wa kiangazi, saa nane mchana. Utawakuta mbuzi kivulini wakiokota maganda ya rangi ya manjano yaliyojisokota kama pete. Kesho yake pekua samadi zizini: utaona mbegu ngumu za kahawia zilizopita salama. Zile zilizobaki chini ya mti, nyingi hutobolewa na wadudu. Mbuzi huyo huyo tunayemlaumu kwa kumaliza miti ndiye anayeisambaza, mradi eneo lifungwe miche inapochomoza. Samadi hiyo itandaze kwenye upara wa ngitili kabla ya mvua.

Visiki vikichipua, usiviache vijisonge. Chagua machipukizi machache yenye nguvu, ondoa mengine, pogoa ya pembeni. Dodoma wanaita kisiki hai, na kazi ni ile ile. Kichaka kikifunga kabisa, nyasi hukosa mwanga. Nayo matawi uliyopunguza ni kuni za kupikia nyumbani. Ukitaka kuongeza mti wa kupanda, mlusina (Leucaena leucocephala) hufaa pembezoni mwa boma, ambako unaweza kukata na kubeba. Ila kwa ng'ombe usizidishe theluthi moja ya chakula chake, kwa sababu mti huo una sumu iitwayo mimosini ambayo hunyonyoa manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo.

Ugumu wenyewe uko kwenye mvua: mifugo italala na kula wapi wakati ngitili imefungwa? Kijiji kisicho na eneo la malisho ya masika kwenye mpango wake wa matumizi ya ardhi kitashindwa, hata kiwe na sheria kali namna gani. Na mwenye ng'ombe wengi kuliko eneo lake atauza baadhi Juni, wakiwa na miili na bei nzuri, au atawapoteza Oktoba.

Siku ya kufungua, usifungue yote. Igawe vipande, na kila kipande kiishe kabla ya kugusa kinachofuata. Wazee walianza na ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na wagonjwa, na nakushauri ufanye hivyo. Kipande cha mwisho, chenye maganda mengi zaidi, waachie maksai, kwa sababu mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha ndio watakaovuta plau, na maksai aliyekonda hukuchelewesha kupanda.