Je, wajua kwa nini kompyuta ilikesha na picha moja ya ubongo, na sasa inaimaliza kwa dakika moja?

Kwenye skrini ya daktari, picha ya MRI ya ubongo, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huonekana kama vipande vyembamba vya kijivu vilivyopangwa kama kurasa. Kompyuta haioni kurasa. Inachokiona ni mchemraba wa namba. Picha ya kawaida ya utafiti huwa na vokseli 256 kwa urefu, 256 kwa upana na 256 kwa kina, yaani zaidi ya milioni 16.7. Vokseli ni pikseli yenye unene: kijichemraba, mara nyingi cha milimita moja kila upande, kilichobeba namba moja tu inayoeleza kiasi kinavyong'aa. Namba hiyo haisemi kama pale ni mahali pa kumbukumbu au ni maji yanayouzunguka ubongo.

Kugawa picha ni kukipa kila kijichemraba jina lake: hiki ni gamba la ubongo, hiki ni sehemu nyeupe ya nyuzi, hiki ni maji, hiki ni hipokampasi. Majina yakishawekwa, kinachobaki ni kuhesabu. Vokseli ngapi zimeitwa hipokampasi mwaka huu, na zilikuwa ngapi mwaka jana?

Hipokampasi naitaja kwa makusudi. Ni sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo, moja kila upande, na umbo lake ndilo lililoipa jina, kutokana na neno la Kigiriki la farasi wa baharini. Mwaka 1953, nchini Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio ya maisha yake. Sehemu hiyohiyo ni miongoni mwa zile zinazoanza kusinyaa mapema katika ugonjwa wa Alzheimer.

Sasa tazama hesabu yake. Hipokampasi moja ya mtu mzima ina ujazo wa sentimita za ujazo 3.5 hivi, sawa na vokseli 3,500. Kwa mzee mwenye afya hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, yaani vokseli 35. Kwa mgonjwa wa Alzheimer hupungua kwa asilimia 3 hadi 5, yaani vokseli 105 hadi 175. Tofauti kati ya uzee wa kawaida na ugonjwa unaomfanya mtu asahau majina ya watoto wake ni vokseli mia moja hivi kwa mwaka, ndani ya mchemraba wa milioni 16.7. Mtafiti anayepima dawa ya kupunguza kasi ya usinyaaji anatafuta tofauti ndogo hata kuliko hiyo.

Ugumu unaongezeka kwa sababu kosa hukaa mpakani. Chukua mpira wenye ujazo uleule wa vokseli 3,500. Ukisogeza mpaka wake nusu milimita tu kwenda nje, ujazo unaongezeka kwa asilimia 17 hivi. Na hipokampasi haina uduara wa mpira. Ni ndefu na imejipinda, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya vokseli zake iko ukingoni, na vokseli nyingi za ukingoni zimebeba nusu hiki nusu kile. Mkono ukitetereka nusu milimita, umeshameza mabadiliko ya miaka kadhaa ya ugonjwa.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mkono ndio uliofanya kazi hii. Mtaalamu hukaa mbele ya skrini, akafungua kipande kimoja baada ya kingine, na kuchora mpaka kwa kipanya. Hipokampasi za mtu mmoja zinaweza kumla saa nzima au zaidi. Wataalamu wawili hawakubaliani kila mahali, na mtaalamu mmoja hakubaliani na nafsi yake akirudia kazi baada ya miezi michache. Watafiti walipokusanya taratibu 12 zilizotumika sana kuchora hipokampasi, waligundua kwamba hata mahali sehemu hiyo inapoanzia na kuishia hapakuwa na makubaliano. Ilibidi kwanza watu wakae na kuafikiana juu ya utaratibu mmoja.

Kompyuta zilipoanza kusaidia, zilifuata njia ya busara lakini nzito. Programu ya FreeSurfer, iliyokuzwa katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston na kutumiwa na watafiti duniani kote, kwa miaka mingi ilianza kwa kusawazisha mwanga wa picha na kuondoa fuvu. Kisha ilichukua ramani ya ubongo iliyotengenezwa kutokana na bongo nyingi zilizochorwa kwa mkono, na kuinyoosha, kuikunja na kuisukuma mpaka ikae juu ya ubongo ulio mbele yake. Kila vokseli ilipewa jina kwa kuuliza maswali mawili: mahali hapa, kwa kawaida, huwa na nini? Na mwanga huu unafanana na kitu gani? Baada ya hapo ilitengeneza wavu wa maelfu ya pembetatu ndogo unaofuata mikunjo ya gamba, na kurekebisha kila tundu na kila daraja la uongo.

Kazi hiyo ilichukua saa nyingi kwa picha moja, na watafiti wengi walizoea kuianzisha jioni na kuikuta asubuhi. Sababu si uzembe wa kompyuta. Kila ubongo mpya huanzishiwa hesabu upya: programu inajaribu mkao, inapima kosa, inarekebisha kidogo, inapima tena, maelfu ya mara. Ubongo wa elfu moja haupati faida yoyote kutokana na 999 iliyotangulia.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walichapisha U-Net, mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, wenye umbo la herufi U. Upande unaoshuka hupunguza picha hatua kwa hatua ili mtandao uone jambo zima: huku ni kushoto, huku ni karibu na shina la ubongo. Upande unaopanda huirudisha picha kwenye ukubwa wake. Katikati kuna njia za mkato zinazovusha maelezo madogo ya ukingoni kutoka upande mmoja hadi mwingine yasipotee. Mtandao hufunzwa kwa mifano iliyokwisha kugawanywa, na mafunzo hayo yanaweza kuchukua siku nyingi. Lakini hufanyika mara moja. Ukishafunzwa, picha mpya inapita ndani yake mara moja tu na kutoka na majina yake. Jasho limetolewa mapema, kwa niaba ya bongo zote zitakazofuata.

Programu ya FastSurfer, iliyotoka katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya neva cha DZNE mjini Bonn mwaka 2020, ilifunzwa kwa matokeo ya FreeSurfer yenyewe. Hutazama ubongo kwa vipande kutoka pande tatu, huunganisha maoni hayo matatu, na kutaja sehemu 95 kwa chini ya dakika moja kwenye kompyuta yenye GPU, kichakataji kinachofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Wavu wa gamba bado unahitaji muda wa ziada, lakini kwa anayetafuta ujazo wa sehemu, usiku mzima umekuwa dakika.

Mitandao hii ina udhaifu mmoja mkubwa: hujua kile ilichofunzwa. Ukiifunza kwa picha za aina ya T1, ambazo maji huonekana meusi, kisha ukaipa za T2, ambazo maji hung'aa, inapotea. Jibu lililonivutia kuliko yote ni la programu ya SynthSeg. Waundaji wake hawakukusanya picha halisi za kila aina. Walichukua ramani za ubongo zenye majina tayari, wakaipaka kila sehemu mwanga wa bahati nasibu, wakaipinda, wakaitia ukungu na chengachenga, na kufunza mtandao kwa picha hizo za kubuni, nyingi zikiwa hazifanani na chochote kinachotoka kwenye MRI. Kwa kuwa rangi haikuaminika kamwe, mtandao ulilazimika kujifunza umbo na mpangilio. Matokeo yake, hugawa picha za aina mbalimbali bila kufunzwa upya, hata zile ambazo nafasi kati ya kipande na kipande hufika milimita 10. Picha za namna hiyo zimejaa kwenye hifadhi za hospitali, zilipigwa kwa ajili ya matibabu, na utafiti ulikuwa ukizipita.

Kasi hii ina maana gani kwa utafiti? Mradi wa UK Biobank wa Uingereza ulitimiza watu 100,000 waliopigwa picha mwaka 2025. Kompyuta moja ikitumia saa 8 kwa kila ubongo na kuchakata mmoja mmoja, ingehitaji miaka 91. Kwa dakika moja kila mmoja, ni siku 70 hivi. Wingi huo ndio unaomwezesha mtafiti kuiona tofauti ya vokseli chache katikati ya kelele zote za upimaji.

Ila kasi haiponyi picha mbaya. Mtu akitikisika ndani ya mashine, gamba la ubongo huonekana jembamba kuliko lilivyo. Wagonjwa wa Parkinson hutetemeka, na wenye Huntington miili yao husogea bila hiari. Basi picha inaweza kuonyesha usinyaaji ambao sehemu yake ni mtikisiko tu, na programu yenye haraka italirudia kosa hilo mara elfu. Vivyo hivyo, mtandao uliofunzwa kwa bongo zisizo na uvimbe unaweza kuuita uvimbe kwa jina la sehemu ya kawaida iliyo jirani.

Kwa sababu hiyo, toleo la baadaye la SynthSeg hutoa pia makadirio ya ubora wa ugawaji wake. Picha zenye alama za chini hutengwa kando ya maelfu ya nyingine, na hizo hupelekwa kwa mtaalamu, ambaye anakaa mbele ya skrini na kufungua kipande kimoja baada ya kingine.