Asiyesadiki na kisichosadikika

Wengi tumefundishwa kwamba kutumia neno la Kiingereza "incredulous" mahali pa "incredible" ni kosa jipya, uvivu wa vijana wa siku hizi. Sivyo. Katika tamthilia ya Twelfth Night, iliyochapishwa mwaka 1623, Shakespeare anamfanya Malvolio aseme "no incredulous or unsafe circumstance". Hapo neno linasifu jambo, si mtu: jambo lisilosadikika. Maana hiyo, basi, imepita miaka 400.

Hata hivyo, matumizi yaliyoenea leo ni mengine, na anayeandika mtihani au barua ya kazi ni vyema ayafuate. "Incredulous" ni mtu asiyesadiki. Ameambiwa habari, akabaki amekodoa macho, nyusi juu, mdomo nusu wazi. Uso wake, sauti yake, hata kicheko chake huitwa hivyo hivyo, maana kutosadiki kumejionyesha humo. "Incredible" ni ile habari yenyewe. Yote mawili yanatokana na kitenzi cha Kilatini credere, yaani kuamini, ndiyo maana yanachanganya.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati kubwa hapa, kwani lugha yetu hutenganisha mambo haya kwa silabi moja tu: asiyesadiki ni mtu, kisichosadikika ni kitu. Ukikwama, jiulize kama Kiswahili chake kinahitaji ile "-ika". Ikihitajika, andika "incredible", ingawa siku hizi neno hilo husifu pia kitu kizuri mno ambacho kila mtu anakisadiki.