Kwa Nini Kisa cha Mvuvi Aliyerudi na Mifupa Kinawagawanya Wasomaji?

Je, wajua kwamba kuna kitabu unachoweza kukimaliza kwa alasiri moja, na bado watu wamekuwa wakikibishania kwa zaidi ya miaka 70? Ni kisa cha mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway kuhusu mvuvi mzee wa Cuba, kinachofahamika kwa wasomaji wa Kiswahili kama "Mzee na Bahari". Wape watu wawili wa nyumba moja, mmoja atakifunga huku macho yamemlowa, mwenzake atauliza: "Kwa hiyo kurasa zote hizi ni mtu anashika mshipi tu?"

Wote wawili wamesoma maneno yaleyale. Tofauti inatoka wapi?

Kwanza kisa chenyewe, kwa asiyekijua. Santiago ni mvuvi mzee aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Siku 40 za mwanzo alikuwa akitoka na kijana Manolin, lakini wazazi wa kijana wakaona mzee ana mkosi, wakamhamishia mtoto wao kwenye chombo kingine. Siku ya 85 Santiago anatoka peke yake na kwenda mbali kuliko kawaida. Adhuhuri samaki wa jamii ya nduaro, yule mwenye pua ndefu kama mkuki, anakula chambo kilichoshushwa pima 100, yaani karibu mita 180. Samaki anaivuta mashua mchana kutwa na usiku kucha, na siku ya tatu mzee anamuua kwa chusa, mkuki wa kuvulia. Nduaro ni mrefu kuliko mashua kwa futi mbili, hivyo hawezi kumpakia. Anamfunga ubavuni na kutweka tanga kurudi. Damu inawaita papa. Mzee anapigana nao kwa chusa, kwa kisu alichokifunga kwenye kasia, kwa rungu, hadi kwa mkono wa usukani. Anafika bandarini usiku na kichwa, mkia na uti wa mgongo.

Hapo ndipo msomaji wa kwetu anapokwama. Tumelelewa na methali ya mvumilivu hula mbivu. Huyu amevumilia kuliko wote, na mbivu wameila papa. Msomaji aliyesubiri malipo ya subira anahisi amedhulumiwa pamoja na mzee, na wengi wanaosema kitabu "hakina mwisho" wanasema hivyo kwa sababu hiyo. Malalamiko yao ni ya haki. Hemingway aliweza kabisa kumpa Santiago samaki mzima, akachagua kumnyima.

Uchaguzi huo hakuuokota hewani. Mwezi Aprili 1936, katika jarida la Esquire, aliandika makala kuhusu uvuvi kwenye Mkondo wa Ghuba, mkondo wa bahari unaopita karibu na Cuba, na ndani yake aya moja kuhusu mzee aliyetoka peke yake kutoka Cabañas, Cuba, akanasa nduaro mkubwa aliyemvuta mbali sana baharini. Wavuvi wengine walimkuta siku mbili baadaye, maili 60 upande wa mashariki. Kilichobaki kwa samaki hakikufika nusu, na bado kilikuwa na ratili 800, yaani zaidi ya kilo 360. Mzee alikuwa analia ndani ya chombo, karibu kurukwa na akili kwa hasara iliyompata, na papa walikuwa bado wanakizunguka chombo chake.

Linganisha aya hiyo na riwaya. Mzee wa kwenye makala anaokolewa na wenzake. Santiago anajirudisha mwenyewe: anaongoza chombo kwa kilichobaki cha mkono wa usukani, anashusha mlingoti, anaukunja tanga, anaubeba mlingoti begani kupanda mlima kwenda kwake, na njiani inambidi aketi mara 5 kupumzika. Kwangu mimi badiliko hilo ndilo lililoigeuza habari ya msiba kuwa kisa cha kusomwa na kusomwa tena. Hasara imebaki ileile. Kilichobadilika ni mwendo wa mtu ndani ya hasara.

Kuna sababu ya pili, na hii inahusu namna Hemingway alivyokuwa akiandika. Mwaka 1932 alieleza kwamba mwandishi anayekijua vizuri anachokiandika anaweza kuacha mambo mengi bila kuyataja, na msomaji akayahisi hivyohivyo. Alitoa mfano wa siwa barafu, yaani mlima wa barafu unaoelea baharini: sehemu moja tu kati ya nane ndiyo inayoonekana juu ya maji. Kwa Santiago alikwenda hivyo. Mke wa mzee tunapata picha yake tu, iliyoondolewa ukutani kwa sababu kuitazama kulimzidishia upweke. Hatuambiwi alifariki lini wala walipendana vipi. Mlango unaachwa wazi, na kila msomaji anaingia na mzigo wake. Aliyewahi kufiwa anasimama kwenye picha ile. Asiyewahi anaipita mbio.

Ndiyo maana pia waumini Wakristo wengi wanamwona Yesu humo. Ushahidi wanao: mikono iliyochanwa na mshipi, mlingoti begani kupanda mlima, kuanguka njiani, kulala kifudifudi huku mikono imenyooshwa na viganja vimetazama juu. Papa wanapotokea, mzee anatoa sauti ambayo Hemingway anaifananisha na ya mtu anayehisi msumari ukipenya mkononi mwake na kuingia kwenye mti. Lakini Septemba 1952, katika barua kwa mwanahistoria wa sanaa Bernard Berenson, mwandishi huyohuyo alikana kabisa kwamba kuna mafumbo: bahari ni bahari, mzee ni mzee, kijana ni kijana, samaki ni samaki, na papa ni papa. Naona alisema kweli nusu. Mtu hauweki msumari ule kwenye sentensi kwa bahati mbaya. Hata hivyo, kanusho lake lina faida, maana linamrudisha msomaji kwenye mshipi na ndoana kabla hajakimbilia maana kubwa.

Na kwenye mshipi na ndoana ndiko utamu ulipo. Angalia anavyotega. Mpini wa ndoana umefichwa wote ndani ya samaki wa chambo, akafungwa na kushonwa imara. Sehemu ya chuma inayotokeza nje imevishwa dagaa waliotobolewa macho yote mawili, wamepangwa kama nusu ya shada la maua, hata pasiwe na mahali samaki mkubwa atagusa pasinukie vizuri. Kila mshipi umefungwa kwenye kijiti kibichi, ili mguso wowote ukiinamishe. Mishipi inashuka wima kabisa, mmoja pima 40, mwingine 75, mwingine 100, mwingine 125. Wavuvi wengine wanaiacha ielee na mkondo, wakidhani wako pima 100 kumbe wako 60. Santiago anajiambia kwamba yeye anaishika sawasawa, ila bahati ndiyo hana. Bahati ni njema, anaendelea, lakini afadhali kuwa makini, ili bahati ikija ikukute uko tayari.

Msomaji anayeona sehemu hizi ni za kuchosha anasubiri tukio. Anayezipenda ameshagundua kwamba tukio ndilo hilo: mtu anaifanya kazi yake vizuri siku ambayo hakuna anayemtazama, baada ya siku 84 za kutopata kitu. Fundi cherehani, mwalimu wa shule ya kata, mama anayeamka alfajiri kupika vitumbua, hao hawahitaji kuelezwa. Nadhani ndiyo maana watu waliolazimishwa kukisoma wakiwa na miaka 15 mara nyingi hukichukia, kisha wakikirudia wakiwa na miaka 40 wanashangaa walikuwa wamesoma nini.

Wapo wasomaji wengine, na sauti yao inaongezeka siku hizi, wanaoumia kwa ajili ya samaki. Hawamsomi vibaya. Santiago mwenyewe anamwita nduaro ndugu, anajiuliza kama kumuua ni dhambi, na anakumbuka jozi ya nduaro ambapo jike alinaswa na dume akakataa kuondoka, akaruka juu kando ya chombo kumwona mwenziwe kabla ya kuzama. Kwa wanaopenda mambo ya viumbe, hapa pana jambo la kushangaza: Santiago anamhesabu samaki wake kuwa dume, na anamkadiria zaidi ya ratili 1,500, kama kilo 680. Nduaro dume wa buluu hawafikii hata robo ya uzito huo kwa kawaida. Majitu yote ya jamii hiyo ni majike. Mhakiki Robert P. Weeks mwaka 1962 aliandika makala nzima ya kuonyesha makosa ya namna hii kitabuni, ikiwemo nyota Rigel, ambayo mzee anaiona mara baada ya jua kuzama mwezi Septemba ilhali katika msimu huo huchomoza kuelekea usiku wa manane.

Wahakiki kwa jumla waligawanyika kama sisi wengine. Riwaya ya Hemingway ya 1950 ilikuwa imepondwa, na wengi waliamini amekwisha. Kisha jarida la Life likakichapa kisa hiki chote katika toleo moja la tarehe 1 Septemba 1952, na nakala zaidi ya milioni 5 zikauzwa ndani ya siku mbili. William Faulkner, mwandishi mwenzake wa Marekani, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kusema Hemingway anakosa ujasiri wa kujaribu mapya, aliandika kwamba huenda wakati ukathibitisha hiki kuwa bora kuliko chochote cha kizazi chao. Mwaka 1953 kikapata tuzo ya Pulitzer ya Marekani, na mwaka 1954 kamati ya Nobel ikakitaja kwa jina ilipomtunuku Hemingway. Upande wa pili, mhakiki Dwight Macdonald mwaka 1960 alikishambulia kwamba ni uzito wa kuigiza, urahisi uliovishwa joho la Biblia.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mwaka huo wa 1954 una jambo letu ndani yake. Januari Hemingway alipata ajali mbili za ndege nchini Uganda kwa siku mbili mfululizo, ya kwanza karibu na maporomoko ya Murchison na ya pili Butiaba, na magazeti yakatangaza amekufa. Alikwenda kujiuguza kwenye kambi ya uvuvi Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Majeraha hayo ndiyo yaliyochangia asiweze kwenda Stockholm Desemba kupokea tuzo yake. Hata hivyo, simba ambao Santiago anawaota wakicheza ufukweni si lazima wawe wa kwetu. Aliwaona akiwa kijana kwenye merikebu iliyosafiri kwenda Afrika, na ndoto hizo zinaambatana na bandari za visiwa vya Canary, kwa hiyo inaelekea ni pwani ya magharibi.

Wavuvi wa Cojímar, kijiji cha Cuba ambacho Hemingway alikuwa akitia nanga na chombo chake, walitoa jibu lao bila kuandika. Alipofariki mwaka 1961 walitaka sanamu ya kichwa chake, na kwa kuwa shaba ya kununua hawakuwa nayo, walitoa vyuma vya shaba kutoka kwenye vyombo vyao vikayeyushwa. Sanamu ilisimamishwa 1962, nayo inaitazama bahari.

Nimeacha mwisho kundi kubwa kuliko yote, nalo ni la wanaokisoma kama kitabu cha kutia moyo. Hawa wanashika sentensi moja: mtu anaweza kuangamizwa lakini hashindwi. Imo, na ni nzuri. Lakini tazama anaisema lini. Anaisema baada tu ya kumuua papa wa kwanza, nyama nyingi ikiwa bado ipo ubavuni. Asubuhi anapoamka kitandani, samaki ameshakuwa mifupa, anamwambia Manolin neno jingine: wamenishinda, kweli wamenishinda. Kijana anamjibu kwamba yeye, yule samaki, hakumshinda. Mzee anakubali: la, ilikuwa baadaye.

Sentensi zote mbili ni za mtu mmoja, na kitabu hakichagui kati yake. Msomaji ndiye anayechagua, na hapo ndipo tunapogawanyika. Anayebeba ya kwanza peke yake anatoka na kaulimbiu ya kubandika ukutani. Anayebeba ya pili peke yake anatoka na huzuni. Wanaokipenda kweli, kwa jinsi nilivyowasikia wakikizungumzia, wamezibeba zote mbili, na mara nyingi wanakumbuka kinachofuata kuliko hata hizo sentensi.

Kinachofuata ni mazungumzo ya kazi. Manolin anasema sasa watavua pamoja tena, wazazi waseme watakavyo. Mzee anasema wanahitaji mkuki mzuri wa kuulia, uwe chomboni wakati wote. Bapa lake litatengenezwa kwa springi ya Ford kuukuu, kama wahunzi wetu wanavyofua springi za magari kuwa mapanga, na watalinoa Guanabacoa, mji wa jirani. Liwe kali, anasisitiza, na lisitiwe ugumu wa kulifanya livunjike, kwa sababu kisu chake kimevunjika. Kijana anasema atatafuta kisu kingine na springi itanolewa, kisha anauliza upepo huu mkali utavuma siku ngapi. Labda tatu, mzee anamjibu, labda zaidi.